“Kimo kwenye damu yetu”: kisukari cha baba ni changu pia?

Swali: “Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nafanya kazi ya ofisini hapa Morogoro mjini. Baba alifariki kwa kisukari baada ya kukatwa mguu. Shangazi zangu wawili wanacho, na mama ana presha. Nyumbani wanasema kisukari ni cha ukoo wetu, kimo kwenye damu, na kujinyima ni kujitesa bure. Lakini kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, analima kule Kilosa na hana kitu. Nimeona mtandaoni kuna kipimo cha vinasaba kinachokuambia utaugua nini. Nikilipie? Na la mwisho naona haya kuliuliza: mimi ni mtu wa huzunihuzuni, kama mama. Nayo ni ya kurithi?”

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa baba.

Najua unalisubiri jibu, basi nianze nalo. Ndiyo, hatari yako iko juu kuliko ya mtu ambaye kwao hakuna kisukari. Mwenye mzazi mmoja mwenye kisukari cha aina ya pili hukadiriwa kuwa na uwezekano wa kama asilimia 40 wa kukipata maishani, na wazazi wote wawili wakiwa nacho unafika kama asilimia 70. Wazee wa kwenu hawakosei wanapohesabu wagonjwa. Wanakosea wanapotaja sababu. Baba alikuachia jeni zake, na alikuachia sahani yake pia: ukubwa wa bonge la ugali, idadi ya vijiko vya sukari kwenye chai, desturi ya kumkaribisha mgeni kwa soda, na ile imani kwamba mtu mwenye kitambi mambo yake yamemnyookea. Ukoo huachiana damu na huachiana jiko. Mnapokaa msibani na kuhesabu nani alikufa kwa sukari, hakuna kati yenu anayeweza kutenganisha kipi kilitoka wapi.

Halafu hili neno “kurithi” linatuchanganya, kwa sababu linabeba mizigo isiyofanana. Chukua sikoseli, ambayo vitabu huiita selimundu. Kosa lake ni la herufi moja tu katika jeni ya hemoglobini. Mtoto akichukua nakala yenye kosa kwa baba na nyingine kwa mama, atakuwa na sikoseli, awe amezaliwa Mwanza au Muscat, alelewe kwa dona au kwa pilau. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Hapo kusema “kimo kwenye damu” ni sawasawa kabisa.

Ila hata hapo ngoja kidogo. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imejaa ukanda wa ziwa na pwani, na ni haba nyanda za juu zenye baridi. Yaani mbu ndiye aliyetuchagulia jeni hii, kizazi hadi kizazi. Na watoto wawili wenye kosa lilelile la herufi moja huishi maisha tofauti kabisa: aliyegunduliwa mapema, akapewa penisilini, chanjo, kinga ya malaria na dawa ya hidroksiyurea, anaweza kukua, kusoma na kuoa. Aliyezaliwa mahali ambapo hakuna aliyempima huenda asifike miaka mitano.

Ualbino nao ni hivyo hivyo. Ni wa kurithi asilimia mia, wala hakuna chakula kinachouleta au kuuondoa. Lakini kinachomuua mtu mwenye ualbino akiwa bado kijana mara nyingi ni saratani ya ngozi, na saratani hiyo inatoka juani. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga, kama yale yanayotengenezwa KCMC pale Moshi, hubadilisha umri wa mtu bila kugusa jeni hata moja.

Sasa kisukari cha aina ya pili ni mnyama mwingine. Hakina jeni moja ya kuinyooshea kidole. Watafiti wameshapata mamia ya sehemu kwenye vinasaba, na kila moja inasukuma kidogo tu: hii inalifanya kongosho lichoke mapema, ile inafanya mafuta yajae tumboni badala ya mapajani, nyingine inachezea hamu ya kula. Iliyo maarufu kuliko zote inaitwa TCF7L2. Uhusiano wake na kisukari ulitangazwa mwaka 2006, na nitairudia hapa chini kwa sababu ina kisa kinachokuhusu.

Niruhusu kwanza nikupeleke mbali, kwa watu wanaoitwa Pima. Wengine wanaishi Arizona, Marekani, na wengine milimani Maycoba, kaskazini ya Meksiko. Ni watu wa asili moja. Wale wa Arizona walikuwa wakulima wa kumwagilia kwa maji ya mto Gila, hadi walowezi walipoyachepusha maji hayo mwishoni mwa karne ya 19. Mashamba yakafa. Baadaye wakawa watu wa kula chakula cha msaada wa serikali: unga mweupe, sukari, mafuta ya nguruwe. Wenzao wa Maycoba walibaki wanalima kwa mikono na kupanda milima. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya kuwapima watu wazima wa pande zote mbili. Pima wa Arizona wenye kisukari walikuwa asilimia 38. Pima wa Meksiko, asilimia 6.9. Na majirani wa hukohuko Maycoba wasio Pima, asilimia 2.6, tofauti ambayo kwa hesabu za watafiti ilikuwa ndogo mno kuitenga na bahati nasibu.

Isome tena hiyo 38 na 6.9. Kwa miaka mingi Pima wa Arizona walitajwa kama mfano wa watu “wenye jeni za kisukari”, na kweli huenda wanazo. Wenzao wa mlimani wanazo pia. Jeni zipo, ila hazijapata wa kuziamsha.

Wewe mjini, kaka yako shambani: hiyo ni Arizona na Maycoba ndani ya nyumba moja. Lakini usiikamate hoja hii kwa mikono miwili, kwa sababu kuna mambo mawili yanayoitia doa. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hawachoti sawa. Mnashirikiana takriban nusu tu ya zile tofauti za vinasaba wazazi walizokuwa nazo, na inawezekana kabisa kaka alichota mkono mwepesi kuliko wako. La pili nitalisema mwishoni, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Kuhusu presha ya mama, ushahidi uko hapa hapa kwetu. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Sikiliza jinsi mambo yalivyokwenda haraka: waliohamia walipopimwa baada ya takriban mwezi mmoja tu mjini, presha yao tayari ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Kwenye mkojo wao chumvi ilikuwa imeongezeka na potasiamu imepungua, maana yake wanakula vyakula vya chumvi nyingi na mboga na matunda kidogo. Uzito ulikuwa umepanda. Mapigo ya moyo nayo yalikuwa ya haraka zaidi, na watafiti waliona dalili kwamba hata msongo wa maisha mapya ulichangia. Mtu hawezi kubadilisha jeni zake ndani ya basi la usiku la kutoka Kisumu. Kilichobadilika ni sufuria, kazi, usingizi na wasiwasi wa kodi ya chumba.

Nikisema hivyo, hutokea mtu akaniuliza: kwani tafiti za mapacha hazijaonyesha kwamba presha, kisukari, hata urefu, ni asilimia fulani jeni na asilimia fulani mazingira? Zinapatikana hizo asilimia, na ndizo zinazopotosha kuliko yote. Asilimia ya urithi inaeleza tofauti kati ya watu wa kundi fulani, mahali fulani, wakati fulani. Haimgawanyi mtu mmoja vipande. Nenda pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, uwaone waliopoteza mguu mmoja. Tofauti ya idadi ya miguu kati ya watu wa Dar es Salaam inatokana karibu yote na bodaboda, malori na, kwa bahati mbaya kama kwa baba yako, kisukari. Kwa hesabu za wataalamu, “urithi” wa idadi ya miguu ni karibu sifuri. Lakini nani atasema miguu haitokani na jeni? Geuza upande wa pili. Katika nchi zenye shibe, urefu wa mtu hukadiriwa kuwa wa kurithi kwa kama asilimia 80, ila wanawake wa Korea Kusini waliongezeka wastani wa sentimita 20 ndani ya karne moja. Jeni zao zilikuwa zilezile. Waliongezewa chakula, maji safi na chanjo.

Na wakati mwingine mazingira huanza kazi kabla hata hatujazaliwa. Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walizuia chakula na miji ikafa njaa kwa miezi kadhaa. Watoto waliokuwa tumboni wakati huo walipofikia utu uzima, miili yao ilishughulikia sukari vibaya kuliko ya ndugu zao na watu wengine wa rika lao. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba miongo sita baada ya njaa ile, waliotungwa mimba wakati wake walikuwa na alama za kikemikali zilizopungua kwenye jeni mojawapo ya ukuaji. Herufi za jeni hazikuguswa. Kilichobadilika ni alama zinazobandikwa juu yake, zile zinazoamua isomwe kwa sauti gani. Nakutajia hili kwa sababu una miaka 36, na ukishika mimba, hakikisha sukari yako inapimwa mapema kliniki, hata kama hakuna anayekuambia. Kwa historia ya kwenu usingoje kuambiwa.

Tuje kwenye kipimo cha vinasaba. Jibu langu ni hapana, usikilipie. Sisemi kwamba ni utapeli, ingawa kuna wanaouza matumaini na hofu katika bahasha moja. Vipimo hivi vimejengwa juu ya tafiti ambazo sehemu kubwa mno ya washiriki wake, kama wanne katika kila watano, ni watu wenye asili ya Ulaya. Waafrika ni asilimia chache sana, na ilhali ndio wenye tofauti nyingi za vinasaba kuliko watu wote duniani. Alama inayobashiri vizuri kwa mtu wa Helsinki inayumba ikiletwa Morogoro. Halafu hata ikibashiri sawasawa, itakuambia nini ambacho shangazi wawili na kaburi la baba havijakuambia? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliangalia kama kumwambia mtu hatari yake ya kijenetiki humfanya ale tofauti, atembee zaidi au aache sigara. Hayakuona badiliko la maana.

Kuna wakati kipimo cha vinasaba kina kazi ya kweli. Anayetaka kuoa au kuolewa na kwao kuna sikoseli, apime; tena hicho ni kipimo cha bei ndogo cha damu. Kijana mwembamba aliyeanza kisukari kabla ya miaka 25, na mzazi na babu nao walianza hivyo, huyo anaweza kuwa na aina adimu ya kisukari inayotokana na jeni moja, na matibabu yake yanaweza kubadilika. Ukoo wenye saratani ya matiti kwa wanawake vijana kadhaa, nao wana sababu. Kwa maelezo uliyonipa, wewe humo katika hao.

Sasa kile kisa cha TCF7L2. Marekani ulifanywa utafiti mkubwa, matokeo yakatoka mwaka 2002: watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafika kisukari. Wengine walipewa vidonge vya metformin, dawa ya kushusha sukari, wengine vidonge visivyo na dawa, na wengine wakasaidiwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, aghalabu kutembea kwa haraka tu. Baada ya karibu miaka mitatu, kundi la mazoezi na chakula lilikuwa limepunguza visa vya kisukari kwa asilimia 58. Metformin, asilimia 31. Nisikufiche: faida hiyo ilinyauka kadiri miaka ilivyokwenda, lakini baada ya miaka 15 bado ilikuwa asilimia 27.

Baadaye wakafungua vinasaba vya washiriki. Katika kundi la vidonge visivyo na dawa, waliobeba nakala mbili za ile aina mbaya ya TCF7L2 walikuwa na hatari ya kupata kisukari iliyozidi ya wasiokuwa nazo kwa takriban asilimia 80. Katika kundi la chakula na mazoezi, ziada hiyo ilishuka hadi kama asilimia 15. Kitakwimu haikutosha kuthibitisha kwamba mazoezi yanaizima jeni, nami sitadai hivyo. Ninachoweza kudai ni kwamba waliorithi vibaya walifaidika na juhudi angalau kama wenzao, na huenda zaidi. Anayekuambia kwamba kwa sababu kimo kwenye damu basi kujinyima ni bure, kaipindua hesabu. Mwenye damu ya namna yako ndiye hasa wa kujishughulisha.

Hilo neno “kujinyima” nalo silipendi. Sikutumi kwenye njaa, wala sikukatazi ugali. Babu zetu waliula, na wengi wao hawakuwa na kisukari. Lakini walikula dona, si sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe kama chaki, na bonge lile lilikwenda kuvunja majani shambani. Lako linakwenda kukaa kwenye kiti hadi saa kumi na moja. Acha mboga zichukue nusu ya sahani, ugali au wali robo, maharage au dagaa au samaki robo iliyobaki. Soda ndiyo ningeikata kwanza kabla ya kitu kingine chochote, maana chupa moja ina vijiko vya chai vya sukari visivyopungua vinane, na hakuna mtu ambaye angekubali kutiliwa vinane kwenye kikombe. Juisi ya dukani ni soda iliyovaa kanzu. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo kwenye viungo vya pakiti. Shuka daladala vituo viwili kabla.

Na huzuni yako, usiionee haya. Ndiyo, tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba tofauti za watu katika kuridhika na maisha zinahusishwa na urithi kwa kama theluthi moja hivi, na sonona nayo haiko mbali na hapo. Maana yake ile ile niliyokueleza ya miguu: ni hesabu ya kundi, haikusomei wewe. Mwaka 2003 ulimwengu ulisisimka kwa jeni moja iliyodaiwa kuwafanya watu wavunjike moyo wakikutana na shida. Makala kwa mamia yakaandikwa. Mwaka 2019 wakachambua data za mamia ya maelfu ya watu, na jeni ile haikuonekana kuwa na uzito wowote wa pekee. Jeni ya huzuni haipo. Ziko nyingi ndogondogo, halafu kuna mama mwenye huzuni aliyemlea binti akiwa na huzuni, baba aliyekatwa mguu, na msiba ambao huenda hujaumaliza.

Kinachonipa moyo ni kazi ya Harare, Zimbabwe, iliyoanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda. Walimu wake wa faraja ni akina bibi wa mtaani, waliofunzwa kusikiliza na kumsaidia mtu atatue tatizo moja baada ya jingine, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona katika kundi la benchi walikuwa karibu asilimia 14, na katika kundi la huduma ya kawaida karibu asilimia 50. Hakuna jeni ya mtu iliyobadilishwa pale. Kwa hiyo mweleze daktari wa hospitali yako kama unavyonieleza mimi. Na ikiwa huzuni inakuzuia kulala, kula au kwenda kazini kwa wiki mbili na zaidi, usisubiri. Ukifikia kuwaza kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.

Nilikuahidi jambo la pili kuhusu kaka. Uliandika “hana kitu”. Amepimwa? Barani Afrika zaidi ya nusu ya watu wenye kisukari hawajui kwamba wanacho, na kijijini “hana kitu” mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kumtoboa kidole. Mwite aje mjini, au umfuate Kilosa, mwende pamoja. Mpimwe sukari mkiwa hamjala kwa saa nane au zaidi: chini ya 6.1 (milimoli kwa lita) ni sawa, kuanzia 7.0 kipimo kirudiwe siku nyingine kuthibitisha kisukari, na kati ya hapo sukari imeanza kupanda lakini haijafika kisukari. Mpimwe presha, na wewe upimwe kiuno. Kwa mwanamke kikizidi sentimita 80 tunaanza kuangalia kwa makini. Mkienda, nendeni asubuhi, na chai mnywe mkirudi.